Mgonjwa wa Maradhi ya Kuambukiza Ndani ya Nyumba: Haki Zake na Haki za Jamaa Zake

Darsa ya Ramadhani iliyotolewa kwa wanajumuiya baada ya swala ya Alasiri. Maandishi haya yametolewa kwenye rekodi ya sauti. Marudio ya mazungumzo yamepunguzwa.



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, jana usiku tulipokuwa tukitoka tarawehe, kijana mmoja miongoni mwenu alininyooshea mkono, kisha akaurudisha upesi na kusema, "Sheikh, niwie radhi, nina homa tangu asubuhi, nisije nikakuambukiza." Nikamshukuru kwa adabu yake. Kisha nikamwuliza, daku utakula na nani? Akajibu, "Nyumbani, Sheikh, pamoja na wazee. Sinia moja, kama ada yetu." Nilirudi kwangu nikiyatafakari maneno hayo. Mimi niliye mtu wa kando nilihifadhiwa, na mama aliyemzaa, aliyevuka miaka 70, hakumpitia akilini. Simlaumu. Hata mimi nilikuwa hivyo hivyo, na nitakuelezeni yaliyonipata. Basi ile tafsiri tuliyokuwa nayo tuiahirishe hadi kesho inshaallah, leo tulizungumze hili.

Wako miongoni mwetu wanaodhani kwamba kujihadhari na mgonjwa ni upungufu wa tawakkul. Hushika ile hadithi inayokanusha uambukizo, wakaishia hapo. Lakini mapokezi hayo hayo yanamwamuru mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke kwenye maji pamoja na ngamia wazima wa mwenzake. Wanavyuoni wamezioanisha: kilichokanushwa ni ile itikadi ya zama za ujahiliya kwamba maradhi huenda yenyewe kwa nguvu zake, bila ya idhini ya Mola. Ama sababu, sababu ipo, na tumeamrishwa kuichukua kama tunavyoamrishwa kumfunga ngamia kamba kabla ya kumtegemea Mwenyezi Mungu.

Mnakijua kisa cha Sayyidna Umar, radhi za Allah zimshukie, alipokuwa njiani kuelekea Sham. Alipofika Sargh aliambiwa kwamba nchi ile imeingiwa na tauni, nayo ni tauni iliyokuja kuitwa ya Amwas, mwaka wa 18 Hijria. Umar hakuamua peke yake. Aliwashauri Muhajirina, wakahitilafiana. Akawashauri Ansari, wakahitilafiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, nao kwa kauli moja wakamshauri arejee. Abu Ubayda aliona uzito, akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Umar akamjibu kwa maana ya kwamba anaitoka kadari moja na kuiendea kadari nyingine, akampigia mfano wa mchungaji aliye bondeni, upande mmoja una majani na wa pili umekauka: popote atakapochunga yumo ndani ya kadari, lakini mwenye akili huwachunga wanyama wake penye majani. Ndipo Abdulrahman bin Awf akaja na hadithi ya kutoingia mahali penye tauni wala kupatoka kwa kuikimbia. Abu Ubayda mwenyewe alibaki Sham na watu wake, akafa kwa tauni ile.

Kipo kisa kingine kisichosimuliwa sana, nacho kimo katika Muwatta ya Imam Malik. Umar alimwona mwanamke mwenye ukoma akitufu Al-Kaaba katikati ya watu. Hakumkemea wala hakumfukuza. Alimwita mja wa Allah, akamwambia asiwaudhi watu na kwamba lau angekaa nyumbani kwake ingekuwa bora. Yule mama akakaa. Umar alipofariki, mtu mmoja akamjia kumwambia kwamba aliyemkataza amekwisha kufa, sasa atoke. Akakataa, hakuwa mtu wa kumtii Umar akiwa hai na kumwasi akiwa maiti. Tazameni, ndugu zangu: huyu aliambiwa aiache tawafu, ibada isiyofanyika mahali pengine popote duniani. Sisi tunaambiwa tuliache sinia kwa siku 5, tunaona tumeonewa.

Sasa nikuambieni yangu. Miaka michache iliyopita, katika kumi la kati la Ramadhani, nilishikwa na homa ya mafua, ile ya virusi, yenye maumivu ya viungo na kikohozi kikavu. Mke wangu aliwahamisha watoto, akanitandikia chumba chao, akaniambia, "Baba fulani, kaa humu, nitakuletea futari mlangoni." Nilikataa. Niliona aibu, mwenye nyumba nzima ale nyuma ya mlango kama mtu aliyefukuzwa, na wanawe wanafuturu. Tena mama mkwe wangu alikuwa akiishi nasi, nami nikahofu ataona namkwepa. Nikakaa kwenye mkeka, nikakohoa kwenye kiganja, nikanyoosha kiganja hicho hicho kwenye sinia la wali. Siku ya tatu mama mkwe akawa hana hamu ya daku. Siku ya nne homa. Mimi yangu ilipita kama homa zinavyopita. Yake ilishuka kifuani ikawa nimonia. Alilala hospitali usiku 9, na kumi la mwisho la mwaka ule tulilimaliza kwenye viti vya ujia wa wodi. Alirudi, alhamdulillah. Lakini yeye aliyekuwa akipanda ngazi za nyumba yetu bila kushika ukingo, sasa hulala chini, na tarawehe huisikiliza kwa simu. Hajanilaumu hata siku moja. Nilipojikaza nikamwomba radhi, aliniuliza kama nimekula.

Tuelewe basi jinsi jambo hili linavyokwenda. Mtu akiwa na virusi vya homa ya mafua au vya korona, hutoka navyo katika pumzi, kikohozi, chafya, hata katika mazungumzo na kisomo. Matone makubwa huanguka karibu. Yaliyo madogo sana hubaki yakielea. Fanyeni mfano wa udi: ukifukizwa chumbani na madirisha yamefungwa, anayeingia baada ya nusu saa ataunusa ijapokuwa chetezo kimeshatolewa. Fungua dirisha, harufu inapungua. Pumzi ya mgonjwa ndivyo ilivyo, isipokuwa haina harufu ya kukuonya. Nyumba zetu za hapa Uingereza hufungwa tangu Novemba kwa kuogopa baridi na bili ya gesi. Naielewa bili hiyo, hata kwangu inafika. Lakini dakika 10 za dirisha wazi, mara kadhaa kwa siku, hazilingani na usiku mmoja wa wodi.

Mwenye homa ya mafua huweza kuambukiza tangu siku moja kabla hajajihisi mgonjwa, na huendelea kwa siku 5 hadi 7 baada ya kuugua. Watoto huenda zaidi. Kwa hiyo anapoanza kukohoa, siku ya kwanza imeshapotea, wala hapana faida ya kugombana nani ameuleta ugonjwa. Mwenye korona, ushauri wa afya wa hapa Uingereza humtaka mtu mzima ajaribu kukaa nyumbani siku 5 baada ya kupimwa, mtoto siku 3, na ajiepushe na wanyonge wa afya kwa siku 10. Wanyonge hao ni nani? Ni bibi yako mwenye kisukari, mkeo mwenye mimba, mtoto mchanga, ndugu yako anayetibiwa saratani. Ndio hasa tunaoishi nao.

Chumba kikiwepo, mgonjwa apewe chake, mlango ufungwe na dirisha lifunguliwe. Akitoka avae barakoa, naye anayemhudumia avae. Choo kikiwa kimoja, kama kilivyo katika nyumba nyingi zetu, mgonjwa awe wa mwisho kutia udhu wakati wa daku na Alfajiri, kwa sababu kusukutua na kupandisha maji puani kunarusha yale yale tunayoyaogopa. Akimaliza aisuuze beseni kwa sabuni na aache dirisha au feni ya choo ikifanya kazi. Awe na taulo yake. Hili la taulo nalisisitiza, maana nimeziona nyumba ambamo taulo moja hutundikwa nyuma ya mlango, na watu saba hufutia nyuso zao za udhu hapo.

Na sinia? Ndugu zangu, nalipenda sinia kama mnavyolipenda. Kula pamoja kuna baraka, hilo halina shaka. Lakini mgonjwa apakuliwe sahani yake, kikombe chake na tende zake, na asipuliziwe wala asipulize uji wa mwenzake. Tumekatazwa kupumua ndani ya chombo, na katazo hilo linawahusu hata wazima. Chakula kipelekwe mapema ili adhana isimkute akisubiri. Simu iwekwe kati ya chumba chake na mkeka, asikie vicheko na dua za watoto. Hiyo ndiyo tofauti ya kumhifadhi mgonjwa na kumnyanyapaa. Kumzuru mgonjwa ni haki ya Muislamu juu ya Muislamu; aliye katika chumba cha pili naye anataka kuzuriwa.

Hapa nitasema na wanaume. Katika nyumba nyingi, anapougua baba, nyumba nzima hunyamaza. Anapougua mama, futari hupikwa vile vile, na mpishi ni yeye. Amefunga kichwa leso, anakohoa juu ya sambusa, kisha tunasema tumechukua tahadhari. Ikiwa mama anaumwa, ajifungie yeye, na sisi tuingie jikoni. Mkate, maharagwe ya kopo na maziwa ni futari halali.

Na jambo hili ni zito zaidi kwa maradhi ya tumbo, ile kutapika na kuharisha kunakoenea mashuleni hapa kila msimu wa baridi, waiitayo norovirusi. Hiyo mgonjwa asipikie wengine kabisa mpaka zipite saa 48 tangu dalili kukoma. Jeli ya mikono ya alkoholi haiiwezi vizuri. Inataka sabuni na maji ya kutiririka. Choo na vishikio vya milango vifutwe kwa dawa ya klorini, wala isichanganywe na dawa nyingine ya kusafishia, kwani hutoa hewa yenye sumu. Nguo na mashuka yaliyochafuka yafuliwe kwa nyuzi 60. Wanaotumia kopo la kustanjia, mgonjwa awe na lake.

Mgonjwa mwenyewe asijikalifishe. Rukhsa ya kufungua imo ndani ya Suratul Baqara, katika zile zile aya zinazotuamrisha saumu. Mwenye homa kali au anayetapika anahitaji maji, naye atalipa siku nyingine. Asihuzunike kwa kuikosa jamaa: imepokewa kwamba mgonjwa huandikiwa yale aliyokuwa akiyatenda akiwa mzima. Na kijana wangu wa jana, ikiwa mla kitunguu kibichi ameambiwa asiukaribie msikiti kwa harufu tu, basi mwenye homa ana udhuru ulio wazi zaidi.

[Swali kutoka upande wa kina mama: "Sheikh, sisi tuko watano, vyumba viwili. Mama yangu analala na watoto. Huyo mgonjwa nimweke wapi?"]

Dada yangu, swali lako ndilo swali lenyewe. Anza na mama, usianze na mgonjwa. Mpe mama chumba kilicho bora kwa hewa, na watoto wasilale naye siku hizo, kwani watoto ndio hubeba zaidi. Mgonjwa alale sebuleni karibu na dirisha, na kikao cha familia kihamie chumba kingine. Ikilazimu walale chumba kimoja, vitanda vitenganishwe kadiri iwezekanavyo, kichwa cha mmoja kielekee miguu ya mwenzake, na dirisha liachwe upenyo. Ikiwa jirani au ndugu anaweza kumchukua mama kabla hajagusana na mgonjwa, aseme hapa hapa leo. Nawaona watu wenye vyumba vitupu humu ndani.

Na mama apate chanjo ya homa ya mafua, ni bure kwa aliyetimiza miaka 65 na kwa mja mzito. Wanavyuoni wengi wa zama zetu wanaona sindano ya chanjo haifunguzi. Ile ya watoto ya kupulizia puani ina jelatini ya nguruwe. Ukilichukia hilo, omba ya sindano isiyo nayo, wanayo. Mkiona mgonjwa anapumua kwa shida, midomo imebadilika rangi au anasema maneno yasiyoeleweka, msisubiri kufuturu, pigeni 999. Kwa ushauri wa chini ya hapo, 111.

Naona muadhini ananionesha saa. Tende ziko nyuma, na leo nimeomba kila mtu awekewe kisahani chake.