Lugha ya Älvdalen

Magharibi mwa Uswidi, mpakani pa Norwe, iko wilaya ya Älvdalen, nchi ya misitu mikubwa na watu haba. Humo mna maporomoko ya Njupeskär, ambayo kimo chake ni mita 93, na mti wa jamii ya msonobari ambao mizizi yake ina umri wa miaka yapata 9,500. Lakini sisi tupendao maneno twavutwa zaidi na lugha yake.

Mswidi wa Stockholm aisikiapo haielewi. Imehifadhi irabu za puani, zilizokwisha kupotea katika Kiswidi. Tena herufi za kale ziitwazo runi, zilizoachwa kwingineko, wenyeji walizidi kuzichonga juu ya mbao hata karibu na mwaka 1900.

Wasemaji wake sasa wapata 2,500. Mwaka 1984 waliunda chama cha kuilinda, na mwaka 2005 wakapata taratibu za kuiandika. Walakini Serikali huihesabu kuwa lahaja ya Kiswidi tu. Hoja hiyo kwetu ni dhaifu, maana lahaja gani isiyoeleweka na jirani zake? Nazo lugha 5 za watu wachache zilipotambuliwa mwaka 2000, hii haikuwamo.