Je, Wajua? Kahawa husafisha picha

Kahawa ya kuyeyuka majini, ukiichanganya na magadi ya kufulia, hugeuka dawa ya kusafishia picha za mkanda. Scott Williams na wanafunzi wake wa Rochester, Marekani, walilionyesha hilo mwaka 1995. Kahawa ya bei rahisi ndiyo bora! Mara nyingi hiyo ni aina ya robusta, yenye asidi nyingi zaidi zinazofanya kazi hiyo kuliko aina ya arabika. Na robusta ni kahawa ya misitu ya Kongo: huko Yangambi, mtoni chini ya Kisangani, iliboreshwa kwa miaka mingi.

Dawa ya kiwandani ya kusafishia picha za karatasi nayo hutakiwa kwenye nyuzi 20 hivi. Simi-Simi, kwenye uwanja wa ndege wa zamani wa Kisangani, wastani wa joto ni kama 25. Ndoo ya barafu ya kupozea dawa si anasa.

Ukichanganya dawa hiyo ya karatasi mwenyewe, tangulia na metoli, kemikali inayoisafisha picha. Ukianza na salfaiti yote, ile chumvi ya kuikinga dawa, metoli hukataa kuyeyuka, hata ukoroge hadi jioni.

Adui mkubwa wa dawa hizi zote ni hewa. Dektol, dawa ya kiwandani ya karatasi, ikijaa chupa hadi shingoni hukaa miezi 6. Chupa ikiwa nusu, miezi 2 tu. Ndiyo maana wapiga picha hutumbukiza gololi za kioo: kimiminika hupanda, hewa hutoka. Ikimiminwa kwenye sinia, haivuki siku. Ile ya kahawa hufa upesi zaidi, basi ichanganye siku hiyohiyo, na usiinywe.