Usiigeuze Kabureta Yako Kuwa Ziwa Magadi

Masika yakikatika Karatu, kazi hurudi zote kwa pamoja. Kambi za mahema zilizofungwa Aprili na Mei hupigwa deki kusubiri wageni wa Juni. Katika Bonde la Eyasi, wakulima wa vitunguu wa Mang'ola huzirudisha shambani pampu zao za maji. Kule Oldeani, mabomba ya injini ya kubebwa mgongoni hutolewa stoo kwa ajili ya kunyunyizia kahawa. Ndipo kamba zinapoanza kuvutwa. Injini iliyowekwa Machi ikiwa nzima kabisa leo haiwaki; au inawaka kwa choki, na choki ikirudishwa inazima. Fundi akifungua bakuli la kabureta hukuta utando wa rangi ya asali unaonata kidoleni, na jeti ukiielekeza juani haipitishi mwanga.

Zipo dawa za kuchanganya kwenye petroli zinazouzwa kwa ahadi ya kuzuia balaa hili. Naulizwa mara kwa mara kama zinafanya kazi. Zinafanya, ila wengi wanazitumia wakiwa wamechelewa, na wengine wanaziachia kazi isiyo yao. Dawa hutunza petroli iliyo kwenye tenki. Kabureta inaokolewa na mkono unaofunga koki.

Petroli inavyoharibika

Petroli si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa mamia ya haidrokaboni, nyepesi na nzito. Zile nyepesi ndizo zinazoshika moto kwa urahisi injini ikiwa baridi, na ndizo zinazotangulia kupaa hewani. Zikishaondoka, petroli iliyobaki ni nzito na mvivu wa kuwaka, hata kama kwa macho inaonekana ileile.

Hasara ya pili inaletwa na oksijeni. Ndani ya petroli kuna molekuli zenye viungo vyepesi kuvunjika, ambazo wakemia huziita olefini. Oksijeni ikizivamia zinazaa peroksidi, na peroksidi nazo huzivuta molekuli nyingine hadi zinashikamana kuwa gundi. Joto huharakisha kazi hiyo: kwa kanuni ya jumla ya kemia, kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka hukaribia kuzidisha kasi mara mbili. Kwa hiyo petroli iliyohifadhiwa chini ya bati Mang'ola, mita zipatazo 1,000 juu ya usawa wa bahari, huzeeka upesi kuliko ile iliyo kwenye ukungu wa ukingo wa Ngorongoro, mita 2,300. Shaba nayo huchochea, na jeti za kabureta zimetengenezwa kwa aloi ya shaba.

Lakini gundi hujikusanya vipi kwenye kabureta, wakati petroli nyingi iko kwenye tenki? Mwenyeji wa huku ana mfano wake karibu. Mto Munge unateremka kutoka Olmoti, unaingia ndani ya kreta ya Ngorongoro na kumwaga maji yake Ziwa Magadi. Maji ya mto hunyweka. Ziwa, hata hivyo, halina pa kutokea. Jua linachukua maji na kuacha chumvi. Maji mengine yanaingia na chumvi yake kidogo, nayo yanachukuliwa, mpaka kingo zinakuwa nyeupe kwa magadi.

Kabureta iliyoachwa koki wazi ni ziwa la namna hiyo. Petroli ya kwenye bakuli inapaa kupitia tundu la hewa. Kina kikipungua, boya linashuka, sindano inafunguka, na petroli nyingine inateremka kutoka kwenye tenki kuziba pengo. Hiyo nayo inapaa. Kinachobaki chini ni kile kisichopaa. Kiwango cha Marekani cha ASTM kinaruhusu petroli mpya iwe na gundi isiyozidi miligramu 5 kwa kila mililita 100. Tenki la pampu ndogo la lita 3 likikauka lote kwa njia hii, linaweza kuacha hadi miligramu 150 ndani ya bakuli lisilozidi kikombe cha kahawa, kabla hujahesabu gundi mpya iliyozaliwa na joto. Na jeti ya sailensa, ile ya mwendo wa chini, kwenye injini nyingi ndogo ina tundu pungufu ya nusu milimita. Ndiyo maana hiyo ndiyo ya kwanza kuziba, na ndiyo maana injini inakubali choki tu: choki hulazimisha petroli ipite kwenye jeti kubwa, ambayo bado ina nafasi.

Dawa ipi kwa kazi ipi

Kwenye rafu moja utakuta makopo ya aina tatu yanayofanana, na kuyachanganya ndiko kunakopoteza fedha za watu.

Aina ya kwanza ni ya kutunza, na kopo lake huandikwa neno stabilizer. Ndani yake mna vizuia-oksijeni, ambavyo hukatiza mnyororo wa peroksidi kabla haujarefuka, na mara nyingi mna kemikali inayoikamata shaba ili isichochee. Aina ya pili ni ya kusafisha. Ina sabuni za mafuta, na iliyo maarufu kwa nguvu ni polieteramini. Hii hufanya kazi injini ikiwa inatembea, ikiosha uchafu kidogo kidogo. Aina ya tatu huongeza okteni, na kwa injini inayokwenda kulala haina msaada wowote.

Dawa ya kutunza haifufui petroli iliyooza. Kazi yake ni kuchelewesha, kwa hiyo lazima iingie siku petroli inaponunuliwa ikiwa mpya. Aliyemimina Juni kwenye petroli ya Machi amemimina bure. Vilevile haizuii kupaa. Petroli iliyotiwa dawa bora kabisa, ikiachwa koki wazi, itakauka kwenye bakuli kama nyingine, na dawa yenyewe itabaki humo pamoja na gundi.

Kipimo hufuatwa kama kilivyoandikwa kwenye kopo. STA-BIL, chapa ya Marekani iliyozoeleka, huelekeza aunsi 1 kwa galoni 2.5, ambayo ni kama mililita 3 kwa lita. Kwa tenki la lita 3 unahitaji mililita 9 hivi, na bomba la sindano lisilo na sindano kutoka duka la dawa linapima vizuri kuliko kifuniko cha kopo.

Desturi ya kutia dawa kabla ya kulaza injini imekomaa zaidi katika nchi za theluji. Tangu Joseph-Armand Bombardier alipoingiza Ski-Doo sokoni huko Quebec mwaka 1959, wenye vyombo hivyo vya kuendeshea juu ya theluji wamekuwa wakivifungia bandani theluji inapoyeyuka, nusu mwaka na zaidi. Wamejifunza kwa gharama kile tunachojifunza sisi kila masika. Lakini soma kopo lao kwa uangalifu: petroli nyingi ya Marekani ina ethanoli hadi asilimia 10, nayo ethanoli huvuta maji, kwa hiyo sehemu ya maelekezo inapigana na tatizo hilo. Kwa injini ya Mang'ola, wa kuhofiwa kwanza ni joto na kupaa.

Kulaza injini

Ikiwa injini itakaa chini ya mwezi, inatosha kufunga koki na kuiacha iungurume hadi izime yenyewe kwa kukosa petroli. Kisha legeza skrubu iliyo chini ya bakuli utoe mabaki, kwa sababu injini huzima kabla bakuli halijakauka kabisa.

Kwa msimu mzima wa masika, jaza tenki petroli mpya pamoja na dawa. Tenki likijaa, hewa yenye oksijeni na unyevu inakosa nafasi. Washa injini mahali pa wazi kwa dakika 10 ili petroli yenye dawa ifike kwenye kabureta na kuisukuma ile ya zamani. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, na bila hiyo dawa inabaki juu huku chini kukiwa na petroli isiyolindwa. Halafu funga koki, mwaga bakuli ikiwa injini imepoa, na kaza skrubu.

Ukijua injini italala zaidi ya hapo, toa petroli yote, ya tenki na ya bakuli. Hapa mahali pana usemi wake. Kwenye ukingo wa kreta, ukungu wa usiku huingiza unyevu, na tenki tupu la chuma hushika kutu. Lipake mafuta mepesi ya injini kwa ndani na ulifunge vizuri. Mang'ola ni kukavu zaidi, na tenki tupu huko lina hatari ndogo.

Mabomba ya mgongoni na misumeno ya injini yenye mfumo wa kuchanganya oili huhitaji uangalifu wa ziada. Petroli ikipaa, oili inabaki kwenye utando wa mpira wa kabureta na kuunatisha. Hizo zimwage tenki na uziendeshe hadi zizime, kila zinapopumzishwa kwa muda mrefu.

Si kila moshi ni uchafu

Wengi hununua dawa ya kusafisha kwa sababu injini inatoa moshi mweusi na plagi inajaa masizi. Kabla hujanunua, kumbuka uko wapi. Mji wa Karatu uko mita kama 1,500. Hewa ya juu ni nyembamba, lakini jeti iliyopimwa kwa ajili ya pwani inaendelea kutoa petroli ileile, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa na petroli nyingi mno. Mwongozo wa injini ndogo za Honda unasema nguvu hupungua takriban asilimia 3.5 kwa kila mita 300 za mwinuko, na unashauri kabureta irekebishwe kwa injini inayofanya kazi daima juu ya mita 1,500. Pampu iliyozoea Eyasi ikipandishwa hadi Lodoare, kwenye lango la Ngorongoro, inaweza kutoa moshi hata ikiwa safi kama siku ilipotoka kiwandani. Dawa haibadilishi jiografia. Jeti ndogo zaidi ndiyo tiba.

Ukweli huo unatuonyesha pia kwa nini kuchokonoa jeti kwa waya wa breki ni kosa kubwa. Waya unakwangua shaba na kupanua tundu, na injini ambayo tayari inapewa petroli nyingi kwa sababu ya mwinuko inaongezewa nyingine. Loweka jeti kwenye kisafisha-kabureta ukiwa umetoa mipira yote, kisha puliza kwa hewa ya kompresa. Ikikataa, unyuzi wa brashi ya nailoni unatosha. Ikikataa tena, nunua jeti mpya.

Na chanzo cha petroli ni sehemu ya hifadhi. Tunakumbuka miaka ya kuchakachua, mafuta ya taa yalipochanganywa kwenye petroli na dizeli, hadi EWURA ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa mwaka 2011 ili faida ya mchezo huo iondoke. Mafuta ya taa ni mazito, hayapai kwa urahisi, na kwenye bakuli huwa ya mwisho kuondoka. Kwa injini inayokwenda kulala, nunua kituoni, siku hiyohiyo, kwenye dumu safi linalofungwa. Petroli ya kwenye chupa ya maji iliyoshinda juani kando ya barabara imeshaanza kupoteza haidrokaboni zile nyepesi kabla hujaifungua.

Petroli iliyooza isimwagwe mferejini wala karibu na chemchemi. Wengi katika Bonde la Eyasi wanaishi kwa maji ya chemchemi na mifereji hiyo.

Mwisho, bandika kipande cha plasta kwenye tenki na uandike kwa kalamu: tarehe ya petroli, dawa imo au haimo, koki imefungwa. Mara nyingi anayefunga stoo Machi siye anayeifungua Juni. Huyo wa Juni asome kwanza, afungue koki, asubiri dakika moja bakuli lijae, ndipo ashike kamba.