Bendera ikipanda tunasimama: juu ya nini?

Saa moja na nusu ya asubui (7:30), mbele ya biro ya komini. Filimbi inalia. Mwenye pikipiki anazima mashini, mama mwenye beseni ya mikate ku kichwa anasimama, watoto wa masomo wananyamaza. Bendera inapanda pole pole. Ikifika juu, kila mutu anaendelea na safari yake. Mangaribi, karibu saa kumi na mbili, ni vile vile wakati inashuka.

Wote tunajua kusimama, lakini wengi tunasimama juu ya kuogopa. Jirani yangu mumoja, mwenye kazi ya kuchimba, alikuwa anakimbilia kazi na hakusikia filimbi. Walimutelemusha ku pikipiki, wakamulomba feza, wakamuweka pale mupaka saa tatu. Kufika ku karieri, wenzake walikuwa wamekwisha kushuka mu shimo. Siku ile watoto wake walilala na chai tupu. Toka pale, akiona bendera anaona paka deni. Ni hasara, kwa maana ile bendera ni yake pia.

Tuiangalie vizuri. Katiba ya 2006 inaionyesha mu kifungu cha kwanza: bluu ya mbingu, nyota ya manjano juu upande wa kushoto, na mustari mwekundu wenye kupita mushazari, na manjano kidogo mu pembeni yake. Bluu ni amani. Nyekundu ni damu ya wale walikufa kwa ajili ya inchi. Nyota ni mwangaza wa siku zenye kuja. Manjano ni utajiri wa inchi, na ule utajiri sisi tunaujua na mikono: shaba, kobalti, na watu wenye kuitosha mu udongo.

Wazee wetu walioanza kazi mu Union Minière waliona bendera nyingi. Ya wazungu ilikuwa bluu na nyota moja. Mu 1960 wakaongeza nyota sita ndogo, moja kwa kila provensi. Huku kwetu, wakati wa kujitenga, ilipandishwa ile ya Katanga yenye misalaba mitatu ya shaba. Mu 1963 ikaja ya mustari mwekundu, mu 1971 ile ya kijani ya Zaïre, mu 1997 zikarudi nyota sita. Ya leo inafanana na ya 1963, ila bluu yake ni ya kungaa zaidi.

Sasa, namna ya kuichunga, ikuwe ku masomo, ku kampuni ao ku nyumba:

Nyota inakaa juu, karibu na muti. Ukiiona chini, bendera imefungwa kichwa chini.

Isiguse udongo. Wakati inashuka, mutu anaipokea na mikono, kisha wanaikunja. Usiku isibaki inje mu giza.

Yetu hapa inakula mavumbi na jua. Ikipasuka ao ikipoteza rangi, mutafute ingine. Kitambaa chenye kupasuka juu ya muti ni haya kuliko muti mutupu.

Ku kampuni yenye wageni, kila bendera iwe na muti wake, zote kimo kimoja na ukubwa mumoja.

Siku ya kilio cha taifa, ipande kwanza mupaka juu kabisa, ndipo ishuke nusu. Mangaribi ipande tena juu mbele ya kuitosha.

Tena, isifanywe kitambaa cha meza, wala cha kufunika mifuko ya mawe mu kamyo.

Na wakati wa filimbi: simama, zima mashini, tosha kofia, geukia bendera, nyamaza. Ni dakika chache. Mwenye kujua kama njia yake inapita pale, atoke mapema kidogo ku nyumba.

Kwa wenye kupiga filimbi nao, tunawaomba: mutu mwenye hakusikia si adui wa inchi. Mumuonye, mumufundishe, kisha mumuache aende ku kazi. Bendera haiko barrière ya kulipia.

Mutoto akiuliza: «Papa, juu ya nini tunasimama?», usimujibu «Juu ya polisi». Umuonyeshe yale manjano, umuambie: «Hii ni kazi yangu, na ya nkambo yako.»