Ligeuze Begi Kabla Hujalilipia

Begi la mgongoni la kila siku hufa mahali patatu: pale mkanda wa begani unapoanzia, kwenye zipu, na kwenye utando uliopakwa upande wa ndani wa kitambaa ili kuzuia maji. Hakuna hata mahali pamoja panapoonekana begi likiwa limening'inizwa dukani. Kinachoonekana ni rangi, nembo, wingi wa mifuko, na siku hizi kile kitundu cha kupitishia waya wa chaji, na hivyo ndivyo vinavyouza. Matokeo yake mtu ananunua begi la kupendeza Kariakoo mwanzoni mwa mwaka, na masika hayajaisha analibeba kwapani kwa sababu mkanda umeng'oka.

Kwa hiyo ligeuze ndani nje. Kwanza toa makaratasi na sponji ambavyo muuzaji amelijazia ili litune, maana begi lililotuniswa hivyo linakuficha umbo lake halisi. Kisha tafuta pale juu mkanda unapoingia mgongoni mwa begi. Hapo ndipo mzigo wote unaponing'inia, tena haukai kwa utulivu: kila ukikimbilia daladala, kilo 6 zinaruka na kushuka, na mshono unavutwa kwa nguvu inayozidi kilo 6. Mshono wa kuaminika unajulikana kwa macho. Mkanda umeingizwa ndani ya mshono wa mgongo, haukushonewa juu ya kitambaa tu. Umepigwa sindano kwa umbo la mraba wenye msalaba katikati, au kwa mishono iliyorudiwa papo hapo mpaka ikawa minene. Na kwa ndani kimewekwa kipande cha ziada cha kitambaa kigumu cha kusaidia kubeba. Shika mkanda kwa mkono mmoja na begi kwa mwingine, vuta kwa nguvu, huku ukiangalia matundu ya sindano. Yakipanuka ukaona mwanga, mrudishie mwenye duka begi lake. Usiache kuangalia kingo za vitambaa kule ndani. Fundi aliyejali huzifunga kwa utepe ili nyuzi zisichomoke. Zikiwa wazi, tena zimekatwa milimita mbili tatu tu kutoka kwenye mshono, begi hilo litafumuka hata kama hulijazi.

Zipu nazo zina namba, na mara nyingi namba hiyo imegongwa nyuma ya kichwa cha zipu: 3, 5, 8, 10. Ni kipimo cha kukadiria upana wa meno yakiwa yamefungwa, kwa milimita. Namba 5 inafaa mfuko mdogo wa mbele. Mlango mkuu wa begi, ule unaofunguliwa na kufungwa kutwa nzima, unataka 8 au 10. Wengi huangalia herufi YKK, kampuni ya Kijapani iliyoanzishwa na Tadao Yoshida mwaka 1934, na kweli zipu zake ni nzuri, lakini herufi hizo zinaigwa sana, basi pima zipu yenyewe. Weka vitu ndani mpaka begi lijae, kisha ifunge kwa mkono mmoja, bila kulishika begi kwa mwingine. Itazame zaidi inapokata kona, kwa sababu ndipo inapogoma. Kwa mtu wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Zanzibar mimi napendekeza zipu ya nailoni kuliko ya chuma. Chumvi iliyomo kwenye upepo wa bahari hula meno ya chuma, na zipu iliyoshika kutu hukata uzi wa mshono wake yenyewe.

Kitambaa kina namba yake pia, ile 600D au 1000D iliyoandikwa kwenye kikaratasi cha bei. D ni denia, yaani uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Namba ikiwa kubwa, uzi ni mnene. Haikwambii uzi huo ni wa nini wala umefumwaje. Nailoni huvumilia msuguano kuliko poliesta, poliesta nayo huvumilia jua kuliko nailoni. Kwa begi la mjini sina ugomvi hapo. Poliesta ya 600 iliyofumwa kwa kubana inatosha.

Ninalolisisitiza ni utando. Mabegi mengi hupakwa poliyurethani upande wa ndani. Adui wa poliyurethani ni unyevu ukishirikiana na joto: mvuke wa maji uliomo hewani unaivunjavunja polepole, na joto linaharakisha kazi hiyo. Pwani yetu ina vyote viwili mwaka mzima. Utando huanza kwa kunata, kisha hutoa harufu ya uchachu, halafu hubanduka vipande vyembamba vinavyoganda kwenye makaratasi, kwenye nguo na kwenye mfuniko wa kompyuta mpakato. Kazi hii haingoji begi libebwe. Lililofungiwa kabatini ndani ya mfuko wa nailoni, au lililosahauliwa kwenye buti ya gari juani, linaharibika upesi kuliko linalotumika kila siku na kupigwa na upepo.

Hili linawahusu sana wanaonunua mtumba, iwe Karume pale Ilala au Gikomba jijini Nairobi. Utalikuta begi la kampuni kubwa ya Ulaya au Marekani, nje halina hata mkwaruzo, bei ya kutupa. Huenda limekaa miaka mingi kwenye stoo ya mtu kabla ya kufungwa ndani ya belo, na umri wa utando huhesabiwa tangu siku begi lilipotengenezwa. Ingiza mkono mpaka chini kabisa, sugua kidole kwenye kona, nyuma ya bitana ukiweza, kisha unuse. Likinata, liache, hakuna dawa ya utando ulioanza kuoza. Lakini likiwa kavu na laini, na mishono yake ni ile niliyoieleza, lichukue bila kusita. Kwa fedha ile ile, mtumba mzuri unaushinda mpya wa bei rahisi kwa mbali, na sioni sababu ya mtu kuuonea haya.

Hata utando ukiwa mzima, begi lililoandikwa kwamba halipitishi maji hupitisha. Kila tundu la sindano ni njia, na zipu ni njia pana zaidi. Zamani mtu alichomeka laptopu ndani ya mfuko wa rambo mambo yakaisha. Tangu Juni 1, 2019 mifuko hiyo ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania Bara, basi chagua begi lenye koti lake la mvua, au nunua koti hilo pembeni.

Kuhusu ukubwa, nenda dukani na kompyuta yako. Inchi 15.6 ni kipimo cha kioo kutoka kona hadi kona, hakikwambii mashine nzima ina upana gani. Nyingi hukaribia sentimita 36 na haziingii kwenye mfuko uliotengenezewa ya inchi 14. Ukishaiingiza, gusa chini ya mfuko wake. Mfuko mzuri huishia sentimita mbili tatu juu ya sakafu ya begi, hivyo ukilitua kwa kishindo kompyuta haigongi chini. Mfuko ulioshonwa hadi sakafuni ndio unaovunja kona za laptopu, hata uwe na sponji nene namna gani.

Lita 18 hadi 22 zinatosha kompyuta, chakula cha mchana, chupa ya maji na mwavuli. Anayesafiri kwa siku mbili tatu atafute lita 25 hadi 30, asizidi, kwa sababu nafasi ikiwepo hujazwa. Kanuni inayotajwa sana ni kwamba mzigo wa kila siku usizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mbebaji. Mwenye kilo 60 asivuke kilo 9, na chupa ya lita moja na nusu imeshachukua kilo moja na nusu. Vizito vikae karibu na mgongo, usawa wa katikati. Kaza mikanda mpaka begi lilale mgongoni, lisigonge makalio.

Kwenye basi la mwendokasi la Kimara saa moja asubuhi, begi hugeuzwa likabebwa kifuani, kwa sababu ya wembe wa vibaka na kwa heshima ya anayesimama nyuma yako. Begi nene, hata la lita chache, halibebeki hivyo. Tafuta jembamba, lenye mfuko mmoja wa siri unaogusa mgongo kwa ajili ya simu na pochi. Kwenye bodaboda hatari ni nyingine: ncha za mikanda zinazoning'inia zinaweza kunaswa na gurudumu au mnyororo. Zikunje uzifunge, au mpe fundi azipunguze.

Treni ya SGR ilipoanza safari za Dodoma mwaka 2024, mtu wa Dar aliweza kwenda kikaoni na kurudi siku hiyo hiyo, na kwa safari ya namna hiyo begi la kazini linatosha. Ndege ina masharti zaidi. Mashirika mengi huruhusu kilo 7 za kuingia nazo, kwa hiyo begi lenye kilo moja na nusu likiwa tupu limeshakula sehemu ya kiwango chako. Pawabenki haruhusiwi mtu kuiweka kwenye mzigo unaokwenda tumboni mwa ndege. Inakaa na abiria, na kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Ya mAh 20,000, kwa volti 3.7, ni wati-saa 74, inapita. Iweke mfuko wa juu ulio rahisi kufikiwa. Ndege ikijaa, mhudumu huweza kulichukua begi lako mlangoni likapakiwe chini, na hapo utapaswa kuitoa upesi.

Begi likishaanza kazi, lioshe kwa mkono, sabuni kidogo na maji ya kawaida, lianikwe kivulini likiwa wazi. Zipu ikianza kuacha meno nyuma wakati unafunga, mara nyingi meno ni mazima ila kichwa kimelegea. Fundi hukibana kwa koleo au hukibadilisha kwa dakika chache. Mpelekee mapema, kabla hujazoea kuilazimisha mpaka meno yakang'oka. Na akishona upya mkanda, mwambie atumie uzi wa poliesta au nailoni. Wa pamba ukishaloa jasho la mgongo kila siku, unaoza.