Habbat Sauda: Tiba ya Kila Maradhi kwa Maana Ipi?

 

Ndugu Waislamu, ni nadra siku hizi kutoka msikitini baada ya swala ya Ijumaa bila kukuta meza ya chupa za mafuta ya habbat sauda. Muuzaji huitaja Hadithi kwa sauti, kisha huyahesabu maradhi: kisukari, shinikizo la damu, saratani. Hadithi yenyewe ni sahihi. Imepokewa kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.), wameithibitisha Bukhari na Muslim, na maana yake ni kwamba katika punje hizo nyeusi mna shifaa ya kila maradhi isipokuwa mauti. Hatuna shaka nayo. Tunalolikataa ni kuifanya hoja ya kumwachisha mgonjwa wa kisukari sindano zake.

Wanazuoni waliotutangulia walilitazama neno "kila" kwa makini kuliko wauzaji wetu. Al-Khattabi alisema hilo ni tamko la jumla lililokusudiwa mahususi, yaani maradhi ambayo tabia ya punje hiyo huyakabili. Ibn al-Qayyim naye akalilinganisha na Sura al-Ahqaf, aya ya 25, inayoeleza upepo ulioangamiza kila kitu cha kina Adi. Akasema makusudio ni kila kinachokubali kuangamizwa. Nasi tukiisoma aya hiyo mpaka mwisho, tunakuta maskani zao zilibaki zikionekana.

Watafiti wa zama zetu wameipasua punje hiyo na kukuta ndani yake kiambata kiitwacho thaimokwinoni. Katika maabara, na kwa panya, kimeonekana kutuliza uvimbe. Kwa wanadamu majaribio mengi yamekuwa madogo, na baadhi yameonesha sukari na mafuta ya damu yakishuka kwa kiasi. Hiyo ni neema, tena kubwa. Lakini kiasi hicho hakishiki nafasi ya insulini kwa mtoto ambaye kongosho lake limeacha kuitoa. Mtoto huyo akinyimwa sindano, huweza kufariki ndani ya siku au wiki chache, na hali mafuta yamo kabatini.

Tusidhani kwamba madaktari wanaidharau mimea. Bibi Tu Youyou wa China alikisoma kitabu cha Ge Hong cha karne ya 4, akaona humo kwamba mmea wa homa uliloweshwa majini bila kuchemshwa. Akafahamu kuwa moto mkali ndio uliokuwa ukiiharibu dawa, na mwaka 1971 akaitoa kwa etha, ambayo huchemka kwa joto dogo. Ndiyo asili ya artemisinini iliyomo katika dawa mseto za malaria tunazopewa hospitalini, na mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani halikubali chai ya majani yake iwe tiba ya malaria, kwani kipimo chake hakina uhakika.

Hata balungi, tunda zuri la mezani, huzuia kimeng'enya cha utumboni, na baadhi ya dawa za kolesteroli na za shinikizo la damu zikazidi mwilini kupita kipimo.

Kwa mwenye kuuza, ipo Hadithi katika Abu Daud na Nasai: anayejitia utabibu naye hajulikani kwa utabibu, ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta. Anayemwambia mzee wa watu aache vidonge ajue hilo kabla hajapokea fedha.

Na mwenye kutaka kuitumia habbat sauda pamoja na dawa za kisukari, kwanza amwoneshe daktari chupa hiyo. Viwili hivyo vikishusha sukari kwa pamoja, huweza kumwangusha mtu usiku akiwa peke yake chumbani.