Mashine, Mamlaka na Udongo: Fundisho la Karanga za Kongwa

Katika zama zetu tekinolojia huzungumzwa kana kwamba ni nguvu ijiendeshayo yenyewe: ikifika mahali, maendeleo hufuata. Historia ya nchi yetu yatuonyesha vingine. Kila mashine huletwa na uamuzi wa watu, na kila uamuzi una wenye kunufaika nao na wenye kulipa gharama yake. Makala haya yanachunguza jambo hilo kwa mfano mmoja: Mpango wa Karanga, ulioanzishwa na serikali ya Uingereza hapa Tanganyika mwaka 1947.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilipungukiwa sana na mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, kiongozi wa kampuni ya United Africa, alitoa rai kwamba karanga zilimwe Afrika Mashariki kwa mashine kubwa. Tume ya watu watatu, ikiongozwa na John Wakefield, ilizuru kwa wiki chache, ikiitazama sehemu kubwa ya ardhi kutoka angani. Ikapendekeza zilimwe ekari 3,210,000, nyingi zikiwa Tanganyika, katika miti na vichaka vya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Gharama ilikadiriwa kuwa pauni milioni 25. Kwa sababu ya haraka, hapakutangulia shamba la majaribio.

Sasa tuutazame mmea wenyewe. Ua la karanga likisha kuchavushwa, hutoa kikonyo kinachoinama na kupenya ardhini, na ganda lenye mbegu hukua huko chini. Kwa hiyo karanga huhitaji udongo tifutifu, wakati wa kuzaa na wakati wa kuvunwa. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi: ukinyeshewa hulainika, ukikauka huwa mgumu kama saruji. Chembe zake kali zilikula vyuma vya plau. Mvua nayo ni ya msimu mmoja. Katika eneo la Dodoma wastani wake kwa mwaka haufikii milimita 600. Wastani huo huficha miaka ya ukame, na mmea haunyweshwi na wastani.

Mashine nyingi zilikuwa zimekwisha kutumika vitani. Hata vifaru vya aina ya Sherman vilibadilishwa kuwa matrekta. Mizizi ya vichaka na mibuyu ilizivunja. Mwaka 1947 ilikusudiwa kulima ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500. Mpango uliachwa Januari 1951, hasara ikiwa pauni zipatazo milioni 36.

Je, hapakuwa na mtu aliyejua? Walikuwapo. Wagogo walikuwa wameishi na ardhi hiyo vizazi kwa vizazi, na wazee wao waliikumbuka Mtunya, njaa kuu iliyoikumba Ugogo kati ya miaka ya 1917 na 1920. Walipanda mtama na uwele vinavyostahimili ukame, wakafuga ng'ombe, ili kimoja kikikosekana kingine kiokoe. Huo ulikuwa utafiti wa muda mrefu, ingawa haukuandikwa vitabuni. Lakini katika mfumo wa kikoloni Mgogo alikuwa kibarua, si mshauri. Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Ukosefu wa usawa si dhuluma tu. Ni upotevu wa elimu pia. Pale ambapo mwenye kujua hana sauti, na mwenye sauti hajui, kosa huendelea kukua hata liwe msiba. Uongozi nao huweza kuliongeza. John Strachey, Waziri wa Chakula wa Uingereza, aliutetea mpango huo mbele ya Bunge lake, na kiongozi aliyekwisha kuahidi makubwa hadharani huona taabu kurudi nyuma. Kiongozi bora ni yule anayeifanya habari mbaya imfikie mapema.

Tusidhani kwamba ugonjwa huu uliondoka na mkoloni. Mradi wowote wa leo, uwe wa bwawa, wa mbegu au wa kompyuta, waweza kuupata ukipangwa bila wale watakaoutumia.

Kosa halikuwa la zao. Hadi leo wakulima wadogo wa Dodoma hulima karanga. Katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, wataalamu walitoa mwaka 1998 mbegu ya Pendo, inayokomaa mapema na hivyo kuwahi kabla mvua haijakatika. Mbegu kama hiyo hutoshea kiganjani, wala haihitaji kifaru. Ni tekinolojia nayo, ila imeanza kwa kuuliza mvua ni ya muda gani na mkulima ana nini.

Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi wake kazi hii: wachague chombo kimoja kipya kijijini au mtaani mwao, kisha waulize maswali matatu. Nani aliamua kiletwe? Nani atalipa kikishindwa? Na je, huyo atakayelipa aliulizwa?